Malezi ya Watoto: Kuchambua Herufi Ungoni

Katika ukurasa huu wa malezi tumekwisha kusema habari ya usafi wa watoto na habari ya sala za jioni, na mwezi huu yatupasa kusema habari ya herufi. Wazazi wengi wameniuliza swali moja: mtoto ambaye bado hajaingia darasa la kwanza, mwenye miaka mitatu au minne au mitano, aanzishwe namna gani nyumbani? Wengine wameuliza kwa hamu, wengine kwa hofu, na baba mmoja ameuliza kwa huzuni. Habari yake nitaieleza mbele kidogo, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kwanza kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani kuimba herufi na kuzijua herufi. Mtoto wa miaka minne aweza kusimama mbele ya wageni akaimba a, be, che, de mpaka ze, na wageni wakapiga makofi, na mama akaona fahari. Walakini mwandikie mtoto yuleyule herufi moja peke yake mchangani, tuseme k, umwulize ni nini. Utaona midomo yake yaenda kimya kimya: ameanza wimbo tangu mwanzo, kama mgeni asiyeijua nyumba ya jirani ila kwa kuhesabu nyumba zote tangu njia panda. Wimbo anaujua; uso wa k haujui. Sisemi wimbo ni mbaya, maana watoto hupenda kuimba na ulimi wao hulainika. Nasema tu kwamba mwalimu wa Shule ya Jumapili anayeandika katika daftari lake kwamba watoto kumi na wawili wanajua herufi zote, naye amewasikia wakiimba pamoja, hajajua bado hata mmoja wao anajua nini.

Tena tuhesabu mzigo wenyewe, maana wengi huutisha kuliko ulivyo. Herufi za Kizungu ni 26, lakini Kiswahili hakina kazi na q wala x, isipokuwa katika majina ya kigeni; zabaki 24. Na katika hizo, c haitembei peke yake kamwe, siku zote imeshikana mkono na h. Kisha kuna sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili, kama sh, ny, th, dh, gh, na ile ng' ya ng'ombe. Hizo mtoto wa umri huu na azisubiri. Kwa hiyo aliye nyumbani ana herufi ishirini na kitu za kuzoea, na muda wa mwaka mzima au miaka miwili wa kuzizoea. Mtoto huyu amekwisha kujua majina ya kuku wote wa bibi yake. Hatashindwa.

Wala lugha yetu haimfichi kitu. Herufi a husomwa a popote iwapo, katika kaka na katika sala, na silabi zetu karibu zote huisha kwa irabu. Neema hiyo imetoka katika kazi ya watu wengi. Wazee wetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa muda wa karne nyingi. Kisha Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka uleule akaanza kufasiri Kitabu cha Mwanzo kwa herufi za Kilatini. Edward Steere wa Unguja, ambaye baadaye alikuwa askofu, alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870. Na mwaka 1930 ikawekwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, iliyosimamia tahajia moja juu ya msingi wa Kiunguja. Watoto wa Kiingereza huhangaika miaka kadhaa kwa sababu herufi zao husema hivi leo na vile kesho. Wetu wameepushwa taabu hiyo, ila sisi wakubwa tusiwaletee taabu nyingine ya kujitungia.

Taabu moja tunayowaletea ni hii ya kutaja majina badala ya sauti. Mtoto akifundishwa kwamba b ni "be", kisha akaonyeshwa b na a pamoja, kwa haki kabisa atasoma "bea". Ndiye mwenye akili. Aliyemfundisha ndiye aliyeikunja njia. Mtamkie sauti yake fupi, midomo ikigusana na kuachana, au mtajie pamoja na neno analolipenda: b ya baba, m ya mama, k ya kuku. Majina ya herufi atayapata baadaye bila kufundishwa.

Sasa nije kwenye ungo. Kila mama ajua kuchambua mchele. Huumwaga ungoni, akautandaza, na macho yake yakatenga: huu mchele, hii chuya, hili jiwe. Mtoto aketiye karibu naye hujifunza kazi hiyo bila somo, naye akiwa na miaka minne huchomoa mawe kwa vidole vyake vidogo upesi kuliko bibi mwenye macho mazito. Jicho linalotenga jiwe na mchele laweza kutenga m na s. Basi tuanze na jicho, na jina lifuate.

Tafuteni karatasi ngumu, kama maboksi ya sabuni au kalenda ya mwaka uliopita. Kateni vipande vya mraba, upana wa vidole vitatu, vyote sawasawa. Juu ya kila kipande andikeni herufi moja ndogo, nene, iliyo wazi; makaa yafaa kama hakuna wino, ila hufutika. Chini ya herufi pigeni mstari mmoja mwembamba. Mstari huo msiudharau: ndio ardhi ya herufi, na humwonyesha mtoto miguu iko wapi. Bila mstari, n ikipinduliwa ni u, na m ikipinduliwa ni w, na mtoto atakayekosea hapo hana kosa.

Siku ya kwanza chukueni herufi mbili tu zisizofanana hata kidogo, tuseme o na k, vipande vitano vya kila moja. Mwageni vyote ungoni, wekeni vifuu viwili, kila kimoja na kipande kimoja ndani kuwa mfano, kisha mwambieni mtoto: hii iende kwa wenzake. Basi. Msimwulize jina. Akimaliza, changanyeni tena. Siku ya pili au ya tatu ongezeni s, kisha m, na akiwa hodari awe na vifuu vinne. Baada ya hapo ndipo mkubwa ataje sauti kila kipande kinapoanguka kifuuni. Halafu amwombe: nipe m. Na mwisho kabisa, mtoto akiisha kuijua kwa jicho na kwa sikio, ndipo aulizwe: hii ni nini? Walimu wengi huanza na swali hili la mwisho, ambalo ni gumu kupita yote, kisha wakashangaa mtoto akiinama chini.

Namna hii sikuibuni mimi. Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya watoto wadogo katika mtaa wa maskini mjini Rumi tarehe 6 Januari 1907, akawafundisha kwa herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa na kubandikwa juu ya vibao, nao wakazipapasa kwa vidole kabla ya kushika kalamu. Alifahamu kwamba mkono hukumbuka kile jicho linachosahau. Sisi tulio mbali na maduka tunao msasa wenyewe, mti ule ambao majani yake yalitumiwa tangu zamani kulainisha mbao. Na ambaye hana msasa ana mchanga, na ambaye hana mchanga ana majivu yaliyotandazwa juu ya sinia. Mwana wa Adamu mwenyewe aliinama akaandika kwa kidole katika nchi, kama tusomavyo katika Yohana mlango wa 8. Hakuna mzazi wa kusema hana vyombo.

Baada ya majuma machache mwaweza kubadili mchezo. Mwambieni mtoto atenge herufi zenye mkia unaoshuka chini ya mstari, g na j na p na y, mbali na zenye shingo ndefu, kama h na l na t. Siku nyingine atenge zile zilizo na tumbo la mviringo na zile zenye fimbo tupu. Ataanza kuziangalia herufi kama mchungaji aangaliavyo mbuzi, ambaye kwa mgeni wote ni sawa, kwake huyu ana sikio lililokatwa na yule ana doa mguuni. Tena kuna jambo ambalo waalimu hulisahau: a inayoandikwa ubaoni kwa mkono haifanani na a iliyopigwa chapa katika Biblia. Ya ubaoni ni duara na fimbo, ya kitabuni ina kichwa kilichoinama juu ya tumbo lake. Mtoto aliyezoea ubao akifunguliwa kitabu huona mnyama mpya. Chukueni gazeti kuukuu, mkate a za kila namna, kubwa na ndogo, nene na nyembamba, zote ziende katika kifuu kimoja, ili ajue kwamba huyu ni mtu mmoja aliyebadili kanzu.

Hapa ndipo nieleze habari ya yule baba. Ni mtu wa usharika wa jirani, Mkristo mwenye bidii, aliyebatizwa utu uzima. Mwanawe wa miaka sita alisimamishwa mbele ya wenzake katika Shule ya Jumapili kusoma neno la kwanza la Sala ya Bwana, lililoandikwa ubaoni kwa herufi ndogo. Kijana akasoma "dada". Watoto wakacheka, na wakubwa waliosimama mlangoni wakacheka pia. Baba alikuwapo. Jioni alimpiga, akidhani ni mzaha juu ya jina la Mungu, na kesho yake alimwandikia neno lilelile mara ishirini, na kila alipokosa akampiga tena. Tangu siku ile mtoto akiona kitabu husema tumbo lamuuma. Baba aliniuliza kama mwanawe ni mpumbavu, au kama ni shetani amemfunga.

Nilimjibu kwamba si hili wala si lile, na jibu hilo nalitoa sasa kwa wote, maana najua hakuna nyumba ambamo jambo hili halijapita. Tazameni b na d. Ni fimbo moja na tumbo moja. Tofauti yake ni upande tu. Sasa fikirini mtoto amefundishwa nini na dunia tangu alipozaliwa. Mbuzi akielekea mtoni ni mbuzi, na akigeuka kurudi zizini ni mbuzi yuleyule. Jembe likilala mpini kulia au mpini kushoto ni jembe. Uso wa mama ni uso wa mama ageukapo upande wowote. Mtoto ambaye angedhani mbuzi aliyegeuka ni mnyama mwingine, huyo ndiye tungemwogopea. Ndipo siku moja twamletea b na d, na kwa mara ya kwanza maishani mwake twamwambia kwamba kugeuka kwabadili jina. Wataalamu wa ubongo wa siku hizi, kama Stanislas Dehaene wa Ufaransa, wameeleza jambo hili wazi: uwezo wa kuona vitu viwili vilivyogeuziana uso kuwa kimoja ni wa asili, na msomaji hana budi kuuacha polepole kwa ajili ya herufi. Watoto wengi wenye afya na akili huchanganya b na d, au huandika herufi zikiangalia nyuma, mpaka wafike umri wa miaka saba hivi. Kwa hiyo yule kijana aliposoma "dada" alikuwa amekwisha kuona fimbo, ameona tumbo, na ameona a mara mbili mahali pake. Alikosa upande. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imekwisha kufanyika, nasi tukaicheka.

Fimbo haiwezi kufundisha kulia na kushoto. Yaweza tu kufundisha kwamba herufi huuma.

Iliyosaidia ni bibi yake, ambaye hajui kusoma hata neno moja. Nilimpelekea vipande vya b peke yake, vikiwa pamoja na o na s na k, bila d hata moja, nikamwomba achambue na mjukuu wake kila jioni muda wa kuchemsha chai, asizidi. Wakachambua hivyo kwa majuma matatu. Kabla ya kuchambua, mtoto huandika b moja kubwa katika majivu, akisema kwa sauti: fimbo kwanza, kisha tumbo. Kulia na kushoto hakutajwa kabisa. Ndipo d ikaletwa peke yake majuma mengine: tumbo kwanza, kisha fimbo. Mwisho zikakutanishwa ungoni, kwa vipande viwili viwili tu. Baba nilimwomba jambo moja, asikae karibu wakati ule, naye alikubali ingawa kwa uzito. Mtoto hajawa msomaji bado. Walakini majuma machache yaliyopita aliombwa na bibi yake, wala si na mwalimu, asome neno lililoandikwa kwa chaki mlangoni pa jiko. Akasita, akachora herufi ya kwanza hewani kwa kidole, fimbo kisha tumbo, akasema "baba". Bibi hakujua kama amesoma sawa au la. Alimwita baba mtu aje aangalie.

Natamani akina mama na akina bibi wasiojua kusoma waishike habari hiyo. Wengi wamejitoa katika kazi hii wakisema, mimi nitafundisha nini nami ni kipofu wa kitabu? Lakini kuchambua vipande hakutaki kusoma. Kwataka macho na saburi, navyo mnavyo kuliko sisi waalimu. Timotheo alijua maandiko tangu utoto, na Mtume Paulo anapoitaja imani iliyokuwa ndani yake amewataja kwanza bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Tena nimeona zaidi ya mara moja kwamba bibi aliyeanza kwa ajili ya mjukuu amemaliza akiwa anazijua herufi zote mwenyewe, naye akaja kuuliza darasa la watu wazima hukutana siku gani.

Na asidhani mtu kwamba kupanga herufi ni mchezo usio na heshima. Fungueni Zaburi ya 119. Herufi za Kiebrania ni 22, na mwenye kuitunga zaburi ile alitoa aya nane kwa kila herufi, zote nane zikianza kwa herufi hiyo, mpaka zikatimia aya 176. Katika tafsiri yetu jambo hilo halionekani, lakini mzee yule alichambua herufi zake ungoni kwa uangalifu kuliko sisi sote, naye alikuwa akimsifu Mungu.

Machache yaliyobaki nitayapitia upesi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe kunde wala vifuniko vya chupa wala vipande vidogo, maana hutia yote kinywani na aweza kupaliwa. Dakika kumi zatosha kwa siku, na mtoto akiinuka, mwacheni ainuke. Mtoto atumiaye mkono wa kushoto aachwe autumie. Kuufunga mkono huo, kama ilivyofanywa katika skuli nyingi za zamani, hakumwongezei kitu. Msimlinganishe na ndugu yake. Herufi za kuanzia ziwe ndogo, kwa kuwa kitabu chote kimejaa ndogo, ila herufi ya kwanza ya jina lake mwenyewe iandikwe kubwa, na hiyo aifahamu mapema kuliko zote, maana kila mtu hulipenda jina lake.

Na kama mtoto amekwisha kutimiza miaka minane, naye amesomeshwa vema kwa muda wa miaka miwili, na bado herufi zamkimbia, msimwombee tu mkamwacha. Mpelekeni hospitali apimwe macho, kisha masikio, maana wengi walioitwa wazito walikuwa hawaoni ubao. Wako pia watoto wenye macho mazuri na akili nzuri ambao kusoma kwao ni kugumu tangu kuzaliwa. Wataalamu huita hali hiyo disleksia. Hawa hujifunza, ila hutaka muda mrefu na mwalimu mwenye kurudia bila kuchoka.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutasema habari ya silabi, namna ya kuunganisha ma na mi na mu bila mtoto kukariri ukurasa kama kasuku. Waalimu wa Shule ya Jumapili wanaotaka kukata vipande kwa ajili ya madarasa yao waje Jumamosi ya pili, baada ya sala ya asubuhi, kila mtu na mkasi wake na boksi moja tupu. Kalamu nene ziko mbili tu, tutapokezana.